Kabichi Nyembamba na Mtobe wa Wifi

Kabichi ya kuliwa mbichi inataka kisu kikali na mtu ambaye hajachoka. Kisu ninacho. Huyo mtu ndiye aliyekuwa hapatikani nyumbani kwangu mwaka ule wote, maana niliamka nimechoka, nikapika nimechoka, nikasali nimechoka, na nikikaa kupumzika naona hata kiti kinanichosha.

Chanzo kilikuwa mguu wa mume wangu. Alijikwaa kwenye kisiki shambani, hapa kwetu Mabawe, akachubuka kidole gumba. Mkulima kuchubuka kidole si habari. Akakifunga kitambaa, akaendelea kupunguzia migomba majani makavu. Lakini kidonda kikakataa kupona. Juu kinajifanya kimekauka, chini kinachimba. Kilipoanza kunuka ndipo alipokubali kupanda pikipiki mpaka hospitali, Ngara mjini, na huko walimpima sukari wakashtuka wao kabla yetu.

Daktari alikuwa kijana mpole, alimwamkia shikamoo kama mtoto aliyelelewa akaleleka. Akatuambia bila kuzunguka. Sukari ikishuka na kubaki chini, kidonda kitapona. Isiposhuka watakata kidole, na isiposaidia watapanda juu. Akaonyesha kwa kiganja mahali pa kupanda, chini kidogo ya goti. Mume wangu akapatazama pale kama mtu anayeonyeshwa mpaka mpya wa shamba lake.

Mtu yule hajui kukaa. Mimi nimezaliwa Biharamulo, kwetu tunakula ugali wa muhogo na samaki, nikaja kuolewa kwa watu wa ndizi, na jambo la kwanza nililoliona kwake ni kwamba kila asubuhi anazungukia migomba yake kabla hata hajanisalimia mimi. Anaigusa, anaisemesha, anaigombeza. Ukimkata mguu umemzika nusu. Alilijua hilo, nami nililijua.

Nesi wa kliniki ya sukari alikuwa ametuchorea sahani kwa kidole juu ya meza. Nusu iwe mboga, robo maharage au nyama isiyo na mafuta, robo iliyobaki ndiyo ndizi au ugali. Mume wangu akauliza, "Robo ya sahani au robo ya mkungu?" Nesi akacheka sana. Mimi sikucheka, kwa kuwa nilijua mwenzangu anauliza kweli.

Binti yetu mkubwa anaishi Mwanza. Nilimpigia simu nikilia, na yeye, watoto wa siku hizi bwana, akanitumia video. Mwanamke wa ng'ambo, kucha ndefu, jikoni kwake hakuna hata tone la majivu, anapanga vitu kwenye bakuli: majani, nyama ya kusaga yenye viungo, maharage, nyanya, parachichi, jibini, halafu juu anavunjavunja vitu vikavu vya mahindi mithili ya chapati iliyosahauliwa juani. "Mama, hii inaitwa saladi ya taco," binti akasema. "Ukipunguza mafuta na hivyo vikavu, inamfaa baba kabisa." Nikamwambia jina hilo asithubutu kulitamka mbele ya baba yake, wala mbele ya mkwe yeyote, watu watasema tumeharibikiwa. Tukaiita sahani ya Mwanza.

Haya, sasa itafute hiyo sahani sokoni kwetu. Yale majani ya kwenye video hayapo, kuna kabichi. Jibini haipo, na hata ingekuwepo nesi angeikataa, kwa hiyo nikachukua mtindi. Mashine ya kusaga nyama haipo. Nikanunua steki kidogo, mwenye bucha akinikodolea macho kwa kukataa mafuta ambayo miaka yote nilikuwa nayagombania, nikaikatakata kwa kisu mpaka ikawa punje. Kikaangoni nikaweka kijiko cha mafuta, kitunguu, kitunguu saumu, binzari nyembamba na pilipili kichaa, nikaikaanga mpaka ikakauka. Maharage niliyachemsha tu, sikuyaunga. Parachichi, kwa hilo tunamshukuru Mungu, Ngara linaanguka lenyewe, nikaliponda kwa ndimu na chumvi ya kubania. Vile vikavu nikavitengeneza kwa unga wa dona na maji ya moto, nikakandika nyembamba kwenye kikaango kisicho na mafuta, moto mdogo, mpaka vikawa vya kuvunjika. Vipande vichache tu, vya kulidanganya jino.

Nikamwekea mume wangu mezani. Akaiangalia. Akaizungusha sahani, akaiangalia upande wa pili.

"Mama, nimekuwa mbuzi?"

"Mbuzi hapewi nyama."

Akachota kidogo, akatafuna taratibu huku ananitazama. "Kabichi haijaiva."

"Ndivyo inavyoliwa."

"Kwa hiyo ulichoka ukaiacha?"

Loo! Nilitamani kumwagia ile sahani kichwani. Tangu asubuhi nimesimama, miguu inawaka moto, na mtu mzima ananiuliza kama nimechoka nikaacha kazi katikati. Nikaenda nyuma ya nyumba nikakaa juu ya kinu kilicholala, nikalia, nikarudi, nikakuta amekula nusu na amechagua vikavu vyote.

Nilijifunza polepole. Mhangaza, mtu wa huku Ngara, hali kitu cha baridi akakiita chakula, basi. Nikawa naweka kabichi chini, nyembamba hasa, halafu maharage ya moto, halafu nyama ya moto na kimchuzi chake, inanywea kidogo bila kuiva. Nyanya na parachichi juu, mtindi kijiko, vikavu mwisho kabisa ili visilowe. Hapo akaanza kula. Akaanza hata kuuliza. "Leo hatuli Mwanza?" anasema, anajifanya hajali. Upande wa sahani nilimwekea vidole vya ndizi ya kuchemsha, vichache, ili asijione amehamishwa nchi.

Na sukari ikashuka. Nesi akampongeza, mguu ukaanza kuonyesha nyama nyekundu nzuri. Tukarudi tena kliniki, sukari imepanda. Tukarudi tena, imepanda zaidi. Daktari akakishika kile kidole, akakibonyeza, kisha akapatazama tena pale chini ya goti.

Sikuhitaji mganga kuniambia inapandia wapi. Ilikuwa inaingia kwa mlango wa mbele, imebebwa kichwani.

Huku kwetu mtu akiugua watu wanakuja kumwona, na haji mtu mikono mitupu. Wanaleta mtobe, yaani maji ya ndizi mbivu zilizokamuliwa, kabla hayajachachuka kuwa pombe. Ni matamu hayo, ukiyanywa midomo inanatana. Ndiyo nguvu ya mgonjwa, wanasema. Na mume wangu alikuwa ameacha sukari. Aliiacha kwenye chai siku ileile aliyoambiwa, akajisifu kwa kila aliyepita, mpaka padri alisikia. Lakini kwake sukari ni ile nyeupe ya dukani. "Hii imetoka kwenye mgomba, Mama," alinijibu nilipomfokea. "Mgomba unajua wapi mambo ya kiwandani?" Nilimweleza, nesi akamweleza, akaitikia kwa kichwa kama mtoto wa shule anayetaka kengele ilie, akarudi nyumbani akanywa.

Angeweza kukataa? Hapo ndipo penye kazi. Anayeleta kinywaji hukionja yeye kwanza, mbele ya macho yako, ndipo anakukabidhi. Maana yake, tazama, sijaweka kitu. Akishaonja, huna pa kutokea. Ukikataa umemwambia yeye ni muuaji, umemwambia mbele ya watu, na neno hilo halifutiki hata kwa Misa.

Aliyekuja mara nyingi kuliko wote alikuwa wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, ameolewa Murukulazo. Mama yao alifariki mapema, na huyu ndiye aliyembeba mdogo wake mgongoni, akamtafunia viazi, akamfundisha kutembea. Anakuja na kibuyu kimefunikwa jani la mgomba, anaketi, anafuta jasho, anamimina kwenye kikombe, anaonja, anampa. Macho yanamng'aa anapomtazama akinywa. Mimi nimesimama mlangoni na kisu changu cha kabichi, roho inaniuma.

Siku moja uvumilivu uliniishia. Alikuwa ameshaonja, ananyoosha mkono, nikakifunika kile kikombe kwa kiganja. "Wifi, amekatazwa. Mtobe utamkatisha mguu."

Alibaki amekishika, povu bado lipo kwenye mdomo wake wa juu. "Nimeonja," akasema.

"Nimekuona, Wifi. Lakini daktari..."

"Nimeonja," akarudia, sauti imeshuka. Akakirudisha kikombe chini. Akajifunga kanga yake vizuri, akainua kibuyu chake, akatoka hajaniaga. Ngara mtu kutoka bila kuaga! Mume wangu akageukia ukutani. "Umemwambia dada yangu ananiua," akasema, na jioni hiyo sahani ya Mwanza waliila kuku.

Zikapita wiki. Wifi haji. Kwenye jumuiya, tukisali nyumba kwa nyumba, wenzangu wananipa amani kwa ncha za vidole. Nikasikia inasemwa kwamba mwanamke wa Biharamulo amemfungia mumewe, anamlisha majani ili afe mapema. Jamani! Mimi ninayekata kabichi mpaka kidole kimeota sugu. Na mume wangu alikonda kwa huzuni, si kwa sukari. Nikapiga moyo konde, nikaenda Murukulazo kuomba radhi. Nilisema samahani kwa kumpa mkono, siyo kwa maneno. Wifi alinipa kiti, akanipa maji, hatukulitaja jambo lenyewe. Jumapili iliyofuata akaja, na kibuyu.

Akamimina, akaonja, akanyoosha mkono. Mimi nimeng'ata meno. Hapo mume wangu akafanya jambo ambalo siku ile nilimpenda kwalo kama siku ya kwanza. Akakipokea kikombe kwa mikono miwili, akainamisha kichwa kumshukuru dada yake, kisha akanigeukia mimi. "Mpe Mama," akasema. "Akinywa yeye, nimekunywa mimi."

Wifi akanitazama. Nikakipokea, nikanywa. Niliunywa wote, mpaka chini, maana kubakiza nako ni maneno. Wifi akacheka, akapiga makofi, akasema sasa nimeolewa. Amani ikarudi nyumbani.

Basi nikawa mdomo wa mume wangu. Akija wifi, nanywa. Ikija jumuiya, nanywa. Akija jirani na kidumu chake, mzee anapokea, anashukuru, "Mpe Mama," nami nanywa. Nikitoka hapo naingia jikoni kukata kabichi. Ile sahani sikuila mimi. Nyama ilikuwa kidogo, ni ya mgonjwa, nani ale nyama ya mgonjwa? Mimi nilikula ndizi, nimesimama, pamoja na makombo ya wajukuu tunaowalea, na viazi vitamu vilivyobaki jana yake, kwa sababu kutupa siwezi na kupika mara tatu siwezi.

Na kuchoka, Yesu wangu. Kulikuwa kunaniingia kwenye mifupa. Nafua shuka moja nakaa. Kiu haiishi, nakunywa maji mtungi unanishangaa, na usiku siwezi kulala kwa kwenda chooni. Macho yakawa na ukungu, nikasingizia moshi wa kuni. Mume wangu anapata nafuu, anaanza kuchechemea mpaka kwenye migomba ya karibu, anarudi anasimulia ni upi umezaa, nami namsikiliza kwa mbali, naona hata kuitikia ni kazi. Nilimkasirikia kwa kupona kwake. Nasema ukweli. Nilikuwa nakata kabichi namtazama anavyonenepa uso, nasema kimoyomoyo, mwenzangu anapona kwa mwili wangu. Sikujua kwamba ndivyo ilivyokuwa hasa.

Ikafika siku ya kliniki. Daktari akafungua kitambaa, kidonda kimeziba. Ngozi mpya, nyembamba, ya waridi kama ya kitoto kichanga. Sukari imekaa chini kwa miezi. "Mguu huu ni wako, baba," akasema, akaugonga kidogo kwa kidole. Mume wangu alishika mguu wake pale palipoonyeshwa, chini kidogo ya goti, akaushika kwa mikono miwili.

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi, nimesinzia. Nesi akanigusa bega. "Na wewe, mama? Mbona umenywea hivyo? Njoo nikutoboe kidole." Nikamwambia ni uchovu tu, binti yangu, nimeuguza. Akanitoboa. Akakiangalia kile kipimo, akanitazama, akachukua kidole kingine akanitoboa tena. Nikajua. Mtu aliyekaa kliniki ile muda wote huo hahitaji kusomewa.

Akaniuliza nakula nini, nakunywa nini. Nikamwambia. Nilipofika kwenye mtobe, mume wangu alisimama. Nesi alikuwa mwema, alisema si mtobe peke yake, huenda mwili ulikuwa nayo zamani, umri nao upo, lakini mtobe umeibeba. Nilicheka. Nilicheka mpaka watu kwenye foleni wakageuka, halafu kicheko kikageuka kilio, na mume wangu akanishika mkono mbele za watu, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu tuoane.

Kesho yake sikuamka mapema. Nilisikia kisu jikoni, kwa, kwa, kwa, kama mtu anayekata majani ya ng'ombe. Nikaenda kuchungulia. Mzee amekaa kwenye kigoda, mguu wake mpya ameunyoosha, kabichi iko mapajani, vipande vyake ukimwonyesha ng'ombe atashukuru.

"Nyembamba," nikamwambia.

"Hii ndiyo nyembamba yangu," akajibu. Hakuniangalia. "Kaa."

Nikakaa. Akachemsha maharage yakashika chini. Nyama akaisahau chumvi. Akapanga sahani mbili, kabichi chini, vya moto juu, kama alivyoniona nikifanya, na ile ya nyama nyingi akanisogezea mimi. Nikaila. Ndiyo mara ya kwanza nilikula chakula kile nikiwa nimekaa. Kumbe ni kitamu. Ile ndimu, ile pilipili, na kile kikavu kinapovunjika, nikaelewa kwa nini alikuwa anachagua vikavu.

Tulikuwa bado mezani wifi alipobisha hodi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaweka kibuyu chini, akafuta jasho. Akashangilia mguu wa mdogo wake, akaushika, akaubusu kabisa. Kisha akamimina, akaonja, akaninyooshea mimi moja kwa moja, maana ndivyo tulivyokuwa tumezoea.

Mikono yangu ilibaki mezani. Nilijaribu kuiinua, haikuinuka. Nilikuwa nimechoka kuwa mdomo wa mtu.

"Dada," mume wangu akasema, "sukari imemkamata na yeye. Nyumba hii haina tena wa kunywa."

Wifi alibaki na kikombe mkononi. Alinitazama uso, akatazama sahani mbili, akatazama kibuyu. "Ni mimi niliyemnywesha," akasema polepole.

"Hukujua, Wifi," nikamwambia. "Hata mimi sikujua."

Nikaogopa, nikajua sasa ataondoka, na safari hii sina nguvu za kufika Murukulazo. Akasimama kweli, akachukua kikombe, akatoka nacho nje. Nikamsikia anakimwaga kwenye shina la mgomba, anakisuuza. Akaingia jikoni kwangu, nikasikia mfuniko wa mtungi. Akarudi na kikombe kimejaa maji.

Akasimama mbele yangu. Akaonja yeye kwanza, akameza ili nimwone akimeza, ndipo akaninyooshea kwa mikono miwili.

"Kunywa, Wifi," akasema.

Nikapokea, nikanywa mpaka chini.